Tufukuze Swali la "Picha ya Nini?"

Lipo swali moja ambalo, kama ningekuwa na mamlaka, ningelipakia kwenye boti la usiku hapa Ujiji, livushwe ziwa, lisirudi tena. Swali lenyewe ni hili: "Picha ya nini?"

Kijana yeyote anayechora analijua. Ukichora twiga, hakuna atakayekuuliza. Ukichora Mmasai amesimama kwa mguu mmoja huku jua linazama, hakuna atakayekuuliza, ingawa wewe na twiga mmekutana kwenye kalenda tu. Lakini chukua mkaa, masizi, mafuta na uzi, uache mkono wako useme unachokijua bila kumtafuta twiga. Watu wazima na akili zao watakusanyika. Watalaza shingo kushoto, watalaza kulia, halafu: "Picha ya nini?" Usipojibu kwa neno moja, hukumu inashuka palepale. Takataka. Uvivu. Uzungu. Bangi.

Mimi si mchoraji. Ni mtu wa kidato cha nne tu, ninaandika riwaya kwenye madaftari. Lakini ugomvi huu ni wangu, na ni wenu pia, ninyi mnaosoma kurasa hizi huku mmeficha miswada chini ya magodoro. Nitaeleza sababu mbele ya safari.

Kazi yenyewe

Siwezi kutetea kitu kilicho hewani, kwa hiyo nianze na kazi yenyewe. Mshikaji wangu mmoja, mtoto wa fundi wa maboti hapa hapa Ujiji (jina silitaji, hakunipa ruhusa), alitengeneza mchoro mwaka jana. Alichukua mfuko wa saruji, akaukung'uta, akaufungua ukawa karatasi moja pana ya kaki. Akaipaka masizi ya kibatari kwa kiganja. Kisha akachovya uzi wa wavu mkongwe katika mawese, akaulaza juu ya karatasi, akaenda kulala. Asubuhi mawese yalikuwa yametambaa pande zote mbili za uzi, na pale yalipopita, karatasi ilikuwa inapitisha mwanga kama dirisha lenye ukungu. Akafuata kingo za lile doa kwa mkaa. Usiku wa pili akalaza uzi mwingine. Akaenda hivyo usiku kumi na nne.

Karatasi ilipochanika katikati, hakuficha. Alichukua pamba iliyolowa mafuta, kama ile ambayo baba yake hukalafatia nyufa za boti, akaisindilia kwenye mchaniko mpaka pakawa na kovu nene unaloweza kulishika kwa kidole.

Hakuna samaki katika mchoro ule. Hakuna boti wala ziwa. Lakini mtu wa ufukweni akikaa mbele yake dakika tano anaanza kuhesabu: uzi huu ulikuja kabla ya ule, doa hili lilikutana na lile, hapa mkono ulichoka, hapa ulikasirika. Unauona muda. Mimi sijui vitu vingi vinavyoweza kukuonyesha muda.

Akaupeleka kwenye maonyesho fulani ya vijana. Akaulizwa swali lile. Akajibu: "Si picha ya kitu. Ni usiku kumi na nne." Watu wakacheka, na mchoro ukawekwa nyuma ya mlango. Alipewa sababu tatu: hauna maana, haujakamilika, tena hautadumu kwa sababu mawese hupauka. Pembeni, kwa sauti ya chini, kukaongezwa ya nne: haya ni mambo ya Wazungu. Tuzo ikaenda kwa twiga.

Twiga hajanikosea kitu. Ugomvi wangu ni na sababu hizo nne, na nitazishika moja moja, nikianza na hiyo ya pembeni kwa kuwa ndiyo yenye sumu.

Eti ni uzungu

Hebu tutazame ng'ambo ya ziwa. Huko Kongo, Waluba walikuwa na ubao wa kushika mkononi unaoitwa lukasa, uliopachikwa shanga, na mwingine makombe. Hauna sura ya mfalme wala ramani ya nchi. Wajuzi wa chama cha Mbudye waliushika kwa mkono wa kushoto, wakapapasa shanga kwa kidole cha mkono wa kulia, huku wakisimulia asili ya ufalme, safari za wahenga na majina ya wafalme. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo yaweza kuwa mkuu na watu wake. Mstari wa shanga waweza kuwa njia. Msimulizi mmoja na mwingine hawakusoma sawasawa, na ubao uleule ulibeba masimulizi yote mawili. Nani angethubutu kumwuliza mjuzi wa Mbudye, "Ubao wa nini?"

Sogea sasa ufukwe wa kusini-magharibi wa ziwa letu hili hili. Watabwa walijaza vitu vyao safu za pembetatu walizoziita balamwezi, maana yake kuchomoza kwa mwezi mpya. Pembetatu tupu, bwana! Na ndani yake mna mwezi, giza linaloondoka na kuanza upya.

Wachonga vinyago wa Kimakonde nao wana mtindo unaoitwa mawingu. Mpingo unapindwa, unatobolewa, unazungushwa mpaka huoni mtu wala mnyama, unaona mwendo. Na humu majumbani mwetu, bibi harusi wa Ujiji hupakwa hina mikono na miguu. Ile ni picha ya nini? Shangazi zetu wangekupiga kofi ukiwauliza. Ni mstari, ni harufu, ni saa nyingi za kukaa bila kushika kitu huku wanawake wakikufunda. Kuchora kwenyewe ni sehemu ya harusi.

Kwa hiyo anayesema kuchora kusiko na sura ni uzungu anakiri tu kwamba hajatazama mikono ya dada yake.

Sasa tuwatazame hao Wazungu wenyewe. Kati ya 1967 na 1968 Mmarekani Richard Serra aliandika kwa penseli, kwenye karatasi mbili, orodha ndefu ya vitenzi: mambo ambayo msanii anaweza kuutendea mti, risasi, mpira au chuma. Mwaka 1969 jumba la Whitney huko New York likafanya maonyesho ya kazi za namna hiyo, ambazo thamani yake iko katika tendo na mali iliyotendwa. Wakaiita sanaa ya mchakato. Zile karatasi mbili za vitenzi leo zimehifadhiwa katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York.

Mimi namheshimu Serra. Lakini sikilizeni hili. Baba yake alikuwa fundi wa mabomba katika kiwanda cha meli cha San Francisco, na Serra alisimulia kwamba kuiona meli ikishushwa majini, yeye akiwa mtoto mdogo, ni jambo ambalo halikumtoka maisha yake yote. Mtoto wa kiwanda cha meli cha San Francisco aliandika vitenzi, vikawekwa makumbusho. Mtoto wa fundi wa maboti wa Ujiji alivitenda vitenzi vyenyewe, kupasua, kuranda, kupinda, kusindilia, kukalafati, kupaka, akawekwa nyuma ya mlango. Tena kwa kosa la kuiga Wazungu! Nani hapa kamwiga nani?

Eti haujakamilika

Hapa ndipo nataka vijana wa Ujiji wanisikilize kwa makini, maana mji wetu una ushahidi ambao hauonyeshwi.

Mgeni akija Ujiji anapelekwa moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya Livingstone, mahali ambapo Stanley alimkuta mwaka 1871. Kwa miaka mingi pamekuwa na sanamu mbili kubwa, za Livingstone na Stanley wakisalimiana, zilizofinyangwa kwa karatasi na gundi. Kwa hiyo Ujiji haina neno na karatasi kuukuu. Ina neno na karatasi isiyokuwa na sura ya Mzungu.

Sasa, miezi michache kabla ya mkutano ule, Livingstone alikuwa upande wa Manyema, magharibi ya ziwa, ameishiwa karatasi na wino. Alifanyaje? Alichukua kurasa za gazeti la London la mwaka 1869, akaligeuza ubavu, akaandika shajara yake kwa kukatiza mistari ya chapa. Wino aliutengeneza kwa mbegu za mmea wa kule kule. Gazeti kuukuu, rangi ya mbegu, mwandiko juu ya chapa: kama huo si mchoro wa mali mchanganyiko, niambieni ni nini.

Ndani ya kurasa hizo aliandika habari za mauaji ya Nyangwe, Julai 15, 1871, watu wengi, hasa wanawake, walipopigwa risasi sokoni na wafanyabiashara wa watumwa. Baadaye alinakili shajara hiyo kwenye daftari safi. Nakala safi ndiyo iliyofika kwa wachapaji na kwa dunia, mwaka 1874. Zile kurasa za gazeti zikapauka, zikawa hazisomeki. Ilipofika 2011 kundi la watafiti lilizipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, maandishi yakafufuka, wakayalinganisha na nakala safi. Hayalingani. Rasimu ina mashaka na maneno juu ya mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe, ambayo nakala safi imeyalainisha.

Tafakarini. Kile kilichoitwa kamili kilikuwa kimepunguzwa. Uchafu wa gazeti, wino wa mbegu, mkono uliokuwa ukitetemeka bado na habari ile, ndiyo iliyobeba ukweli mwingi zaidi. Mataifa makubwa yakatoa kamera za thamani kuitafuta rasimu ya Livingstone. Sisi rasimu ya mtoto wetu tunaiwekea mlango.

Kwa hiyo ninaposikia "haujakamilika", najiuliza: kukamilika kwa faida ya nani? Mara nyingi kazi iliyokamilika kwa maana yao ni kazi iliyofutiwa alama zote za mtu aliyeifanya. Wasifute! Lubumbashi, wakati huo ikiitwa Élisabethville, palikuwa na karakana ya wachoraji iliyoanzishwa na Mfaransa Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946. Mmoja wao, Bela, alichora kwa ncha za vidole badala ya brashi. Unatazama ndege au samaki wake na papo hapo unaona kila mguso wa kidole. Je, tumwambie Bela akaoshe mikono amalizie vizuri?

Eti hautadumu

Ni kweli mawese hupauka. Mshikaji anajua kuliko mwamuzi. Amezaliwa ndani ya harufu ya mawese. Alitaka yapauke. Alitaka ile rangi ya chungwa la moto iondoke kidogo kidogo kadiri mchoro unavyokaa mwangani, libaki doa linalopitisha nuru na mkaa unaolizunguka. Hina ya bibi harusi nayo haimalizi mwezi, na hakuna anayedai arudishiwe fedha. Hata boti, ukiacha kulikalafati upya, linakunywa maji. Kwetu ufukweni kitu kinadumu kwa sababu mtu anakirudia.

Kuna na kudumu kwa namna nyingine. Rosemary Karuga wa Kenya alisomea sanaa Makerere kuanzia 1950 hadi 1952, kisha akawa mwalimu kwa miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, hana fedha za rangi, alianza kukata makaratasi ya sabuni na mifuko ya unga, akayabandika yakawa picha. Takataka za jikoni! Alifariki 2021, na leo huwezi kuandika historia ya sanaa ya Afrika Mashariki ukamruka. Kilichodumu ni uamuzi wake wa kutosubiri rangi ya dukani.

Eti hauna maana

Najua swali mnalonisubiria nalo: "Basi kila aliyemwaga mafuta kwenye karatasi ni msanii?"

La hasha! Mimi nina mizani, tena kali kuliko ya kulaza shingo. Mwulize aliyefanya kazi: umeifanyaje? Akuonyeshe kila hatua na akueleze kwa nini aliichukua hiyo akaacha nyingine. Kwa nini uzi wa wavu na si kamba ya katani? Kwa nini mawese na si rangi ya kopo? Mali yenyewe inasema kitu, au ni pambo tu? Ukiondoa doa hili, kazi inapungua au inabaki vilevile? Mvivu anaanguka katika swali la pili. Mshikaji hakuanguka, kwa sababu hakuulizwa. Swali la "picha ya nini" linamwachia mvivu mwenye twiga apite, na linamkamata mtendakazi.

Halafu hiyo maana inayodaiwa ni maana ya nani? Tusidanganyane. Mpaka leo picha inayosifiwa "kueleweka" mara nyingi ni ile inayoeleweka na mtalii atakayeikunja aiweke begani. Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 Dar es Salaam, alichukua mbao za kiwandani na rangi ya mafuta ya kopo, vitu ambavyo hakuna mwalimu wa sanaa aliyevibariki, akafanya jambo jipya. Akafa 1972. Wengi waliomfuata wakachukua wanyama wake, wakauacha ujasiri wake. Na Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, aliyesimamisha Paa ya Paa Nairobi mwaka 1965, ameonya miaka yote kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Sisi tunaigana mpaka malaika nao wanakoroma.

"Lakini haulipi." Kweli, haulipi. Twiga analipa kidogo, mchoro wa mfuko wa saruji haulipi kabisa. Mshikaji anashinda kwa baba yake akisindilia pamba kwenye maboti, anachora usiku. Sitamdanganya mtu kwamba njaa ni nzuri. Ila nauliza: kama malipo ni kidogo huku na hakuna kule, kwa nini tumlazimishe mtu auze na mkono wake pia? Mzaliwa mwingine wa Marangu, Everlyn Nicodemus, alionyesha kazi zake katika Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam mwaka 1980. Maonyesho makubwa ya kazi zake za maisha yote yamekuja kufunguliwa Edinburgh, mwaka 2024. Vijana wangapi wa Kigoma wamesikia hata jina lake? Tunangoja Ulaya iufungue mlango ndipo tuchungulie nani alikuwa nyuma yake.

Ninyi waandishi

Sasa nije kwenye nyumba yetu. Mwandishi kijana naye ana "picha ya nini" yake: "Umemaliza?" Ikifuatiwa na: "Kiko wapi kitabu?" Nina madaftari saba. Sura ya tatu nimeiandika mara tano, na mara zote tano zipo, na mistari niliyoikata inasomeka chini ya mkato. Jamaa akiona anasema daftari chafu. Mimi nasema hiyo ndiyo shule pekee ya riwaya niliyoipata baada ya kidato cha nne. Sikufundishwa na kitabu kilichokamilika. Kitabu kilichokamilika kinaficha mishono yake kama koti la dukani. Ningefundishwa zaidi na rasimu moja ya mwandishi mkubwa, nione alikata neno gani saa nane za usiku.

Leo wengi wetu tunaandika kwenye simu. Unafuta, hakibaki kitu. Hakuna kovu, hakuna mkato, hujui jana ulidhani nini. Tunazalisha waandishi wasio na kumbukumbu ya mikono yao wenyewe, halafu tunashangaa hadithi zetu zinafanana kama twiga wa dukani.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na atakayeyapinga ajibu katika kurasa hizi hizi, nitamsoma.

Mosi, gazeti hili litenge ukurasa mmoja kila toleo kwa rasimu: upande mmoja ukurasa ulivyokuwa na mikato yake, upande wa pili ulivyokuwa baadaye. Wasomaji waamue upi unasema kweli.

Pili, kila anayeandaa maonyesho ya vijana, Kigoma au popote, afute kwenye karatasi yake ya maksi swali la picha ya nini, aandike: umeifanyaje? Na mwamuzi akae mbele ya kazi kwa muda kabla ya kufungua mdomo. Dakika tano hazimwui mtu.

Tatu, ninyi mnaoandika, msichome madaftari. Msinakili upya kwa mwandiko mzuri halafu mkatupa ya kwanza. Andikeni tarehe juu ya kila ukurasa, wekeni. Livingstone alihitaji miaka mia moja na arobaini na kamera za kigeni ili gazeti lake lisomwe. Sisi hatuna muda huo, na hakuna atakayetuletea kamera.

Mshikaji ameanza mchoro mwingine. Safari hii ni mifuko minne ya saruji iliyoshonwa kwa uzi wa wavu, na amesema hataupeleka kwenye maonyesho yoyote. Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo lililonifanya niandike. Mji ukimfundisha mtu kama huyo kuchorea uvunguni, mji ndio unaopofuka, na yeye ataendelea kuona.